Miche Tuliyong'oa Kinamasini

Kabla jua halijapasua ukungu juu ya majani ya chai, sauti ya kwanza kunifikia kitandani ilikuwa ya korongo taji kwenye kinamasi chini ya boma letu, Sosiot. Ni mlio mzito, wa puani, kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya mto. Kila ukoo wa Kipsigis una mnyama wake, na wetu ni huyo korongo. Hawindwi, hatupiwi jiwe, haonyeshwi hata kwa kidole. Ulimwonyesha kwa kidevu. Kwa hiyo sisi watoto tulitembea tumeinua videvu kama watu wenye majivuno, na kweli tulikuwa nayo.

Nilipokuwa darasa la nne, mvua zilipoanza, baba mdogo alipanda miche ya mikaratusi kinamasini. Mti huo hunywa maji bila haya, na viwanda vya chai hupenda kuni zake. Alitaka pakauke, apate kuni kwanza, kisha shamba. Korongo walikuwa wamelalia mayai katikati ya nyasi zile zile. Shangazi Chebet, dada yake mkubwa, alimfuata huko huko.

"Wewe, hiyo miti ni ya nini hapa? Hao si ndio watu wetu?"

"Mimi sijagusa ndege hata mmoja, dada. Nimepanda tu miti."

"Ukichoma nyumba ya mtu, utasema hujamgusa?"

Jumapili, watu wakipita kwenda kanisani, shangazi aliingia topeni na gauni lake la ibada, akaanza kung'oa. Mchana kweupe! Nilivua viatu nikamfuata, na binamu zangu, watoto wa baba mdogo mwenyewe, wakaja nyuma yangu. Baba mdogo alisimama ukingoni akifoka kwamba sote tutaonja fimbo. Niliogopa, ndiyo, lakini furaha ilizidi woga. Hakuna aliyegeuka, na vifaranga wakaanguliwa salama.

Siku hizi makundi yale ya korongo hayapo. Mabonde ya jirani yamejaa mikaratusi, chemchemi zake zimekauka. Kwangu, kwenye kinamasi kile kile, wamebaki korongo wawili, nami nawalinda kwa ukali. Juzi kijana wa biashara ya kuni aliniletea miche ya bure. "Mama, unakaa tu na matope," akasema. Nilimwambia aibebe arudi nayo. Wananiita mkaidi, eti nimebaki nyuma. Sawa. Kiangazi kikikaza, hao hao hupanga foleni na mitungi yao mlangoni kwangu, na simfukuzi mtu. Huku nyuma kuna maji.