Simu ya Karani

Nilianza kwa kuuza nafasi kwenye kompyuta ambazo sijawahi kuziona. Ziko Nairobi au ng'ambo, sijui. Kampuni moja kubwa hunikodishia sehemu kwa jumla, nami naigawa vipande vipande na kuwakodishia shule, zahanati na wafanyabiashara wa huku kwetu wanaotaka tovuti. Ni kama mtu anunue gunia la sukari Migori mjini, kisha aliuze kwa kilo. Mama yangu mpaka leo huwaambia watu kwamba nauza hewa. Nilikuwa na chumba kimoja juu ya duka la mbegu, meza moja, kipakatalishi kimoja, na hasira. Hasira nilizaliwa nayo.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa shule ya upili ya wasichana kule Karungu. Aliyeileta kwangu ni karani wake, mzee mpole wa kuongea polepole, ambaye baadaye alinisifia hadi kwa shule nyingine nne. Siku tuliposajili jina la tovuti yao, kampuni ilitaka namba moja ya simu, ambayo ingetumika kuthibitisha kila badiliko. Karani alitaka tuandike ya mwalimu mkuu. Nilikataa.

"Mwalimu mkuu leo yuko, kesho amehamishwa," nilimwambia. "Weka yako, mzee. Wewe ni wa hapa, hauendi popote."

Alicheka, akaandika yake. Nilijiona nina akili kweli. Kila mtu huku anajua kwamba walimu wakuu huja na kwenda, karani ndiye hubaki na funguo.

Mwaka uliofuata kampuni iliandika kwamba mtambo wetu wa zamani ungezimwa Ijumaa saa sita mchana. Kila tovuti ilipaswa kuhamishwa kabla ya hapo, na kila mwenye jina athibitishe kwa tarakimu sita zitakazotumwa kwenye simu yake. Asiyethibitisha, tovuti yake ingefungwa kwa wiki kadhaa wakati maombi yake yakichunguzwa. Wateja wangu wengine wote walithibitisha. Ikabaki shule ya Karungu peke yake, na Jumatatu baada ya Ijumaa hiyo wasichana wapya walikuwa wanaripoti. Wazazi wengi hawakuwa wamechapisha barua za kuitwa shuleni wala orodha ya mahitaji, na vyote vilikuwa kwenye tovuti ile.

Mwalimu mkuu alinipigia mwenyewe. "Madam, hizo barua zikipotea, usitafute shule ingine hapa Nyanza."

Simu ya karani ilikuwa imezimwa. Nilimwandikia wasapu Jumapili, nikaandika tena Jumatatu, na tena Jumanne. Kila ujumbe ulibaki na alama moja, yaani haujamfikia. Wa kwanza ulikuwa wa adabu. Kufikia wa tatu damu ilikuwa imenichemka, na mimi nikichemka vidole vyangu havina breki.

Jumatano nilipiga simu shuleni kumshtaki. Mhasibu akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniambia karani alikimbizwa hospitali Homa Bay wiki iliyopita, na kwamba alifariki jana asubuhi.

Nilimlilia, sitadanganya. Lakini hata kabla machozi hayajakauka nilikuwa nawaza zile tarakimu sita. Nilipopiga simu kwa kampuni, walitaka cheti cha kifo na barua ya bodi ya shule. Hicho cheti kingetoka lini, na hata kaburi lilikuwa halijachimbwa?

Ijumaa asubuhi nilichukua pikipiki hadi nyumbani kwake, Kisegi. Nilifika saa tano na dakika chache. Wanaume walikuwa wanafunga hema uani. Kaka mkubwa wa marehemu alinipokea, akanipa kiti, akauliza nimetoka wapi. Nikasema nimetumwa na shule. Sikusema mimi ni nani. Nilijua kilichokuwa kinangoja ndani ya ile simu.

Nilipoeleza shida yangu alitikisa kichwa.

"Nyara," alisema, akiniita binti yake kwa Kijaluo, "hakuna kitu ya marehemu inatoka hapa kabla hatujamzika. Ata kijiko. Kuna siku ya kugawa vitu, na watu watakaa. Wewe unataka simu?"

"Sitaki kwenda nayo, baba. Nataka namba itakayoingia tu."

"Mtu wa nje hawezi shika."

Nikatazama saa. Saa tano na nusu. Nilitaka kumfokea, naapa. Niliuma ulimi, maana mdomo wangu ulikuwa umeshaniponza vya kutosha wiki ile.

Mjane alikuwa amesikia. Aliita kutoka ndani, tukaingia. Alikuwa ameketi sakafuni juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, na simu ameifunga kwenye leso kando yake.

"Haitoki," alimwambia shemeji yake. "Na huyu haishiki. Nitaiwasha mimi, nisome mimi. Hapo kuna makosa gani?"

Mzee alifikiri, akasimama mlangoni kuhakikisha. Mimi nikabonyeza kwenye simu yangu kuomba tarakimu. Mtandao ukazunguka, ukazunguka. Mama akawasha simu ya mumewe, akaandika namba ya siri, na ikaanza kulia mfululizo.

"Zimeingia nyingi," alisema. Akavaa miwani. "Hii ya juu ni ya mtu ameandikwa Tovuti Migori."

Ndivyo mumewe alivyokuwa ameniandika.

Alisoma kwa sauti, polepole kama mumewe alivyokuwa akiongea. "Habari mzee, tafadhali washa simu, kuna namba nakutumia." Akavuta pumzi. "Mzee, naona umeamua kujificha. Kazi ikikushinda, waachie vijana." Akasogeza kidole. "Hii ni ya Jumanne. Kama umelala, amka. Utaniharibia biashara, na ukiniharibia usinitafute tena."

Mzee pale mlangoni alifyonya. "Huyu ni mtu wa aina gani, anaongea na mgonjwa hivyo?"

Nilipaswa kusema. Lakini tarakimu zilikuwa hazijaingia, na nilijua nikifungua mdomo simu itazimwa na mimi nitatolewa nje. Basi nikanyamaza, nikitazama mkeka, na wazazi wa Karungu nikawafanya kisingizio.

Simu ikalia mara moja.

"Ni hii?" Mama akanisomea tarakimu moja baada ya nyingine. Nikaziandika, nikakosea, nikafuta, nikaandika tena. Ikakubali. Ilikuwa imebaki robo saa.

"Imeingia?" aliuliza.

"Imeingia. Asante." Nikaweka simu yangu mfukoni. "Mama, huyo Tovuti Migori ni mimi."

"Najua," alisema. "Picha yako iko hapa kando ya jina. Ndiyo maana nimesoma kwa sauti."

Akaizima simu, akaifunga tena kwenye leso.