Taa za Buluu kwenye Barabara ya Masaka

Nilitoka Webuye kwa sababu ndugu yangu Wekesa alinipigia simu na kuniambia mambo mawili: kwamba amepata mchumba Kampala, na kwamba nije nimsaidie kuchagua taa za gari. La kwanza nilikuwa nimelingoja tangu ndevu zake zianze kuota mvi. La pili nilidhani ni mzaha. Wazazi wetu hawapo, na mimi dada yake mkubwa ndiye niliyebaki wa kusimama naye ukweni. Basi nikafunga duka langu la mahindi, nikamwachia jirani funguo, nikapanda basi.

Wasafiri hodari huandika mengi kuhusu mpaka wa Malaba na msitu wa Mabira. Malaba nilipanga foleni kama kila mtu. Mabira niliupita nimelala, mdomo wazi.

Soko la Nakawa, Kampala, nilifika alasiri. Wekesa anauza sufuria na sahani pale sokoni, na amepanga Makindye kwa Sajini Okello, mwanajeshi mstaafu kutoka Gulu. Alinipokea kwa chai ya maziwa na kunieleza hali ilivyo. Mchumba anaitwa Nabukenya, kwao ni mbele ya Masaka, na Jumamosi ndiyo siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wake. Wekesa alikuwa ameshaahirisha mara moja kwa sababu ya biashara. Safari hii wazee wa binti walimwambia peupe: lango litafungwa saa nne asubuhi, na akikuta limefungwa asirudi tena.

"Kwa hiyo tunatoka mapema," nikasema.

"Kwa hiyo tunabadilisha taa," akasema yeye.

Nikamtazama. Gari lake ni dogo, la Kijapani, ambalo Wajapani walilitumia mpaka wakalichoka. Taa zake zilikuwa zinawaka vizuri, za njano, kama taa za watu wote.

"Dada, wewe hujui hawa watu," akasema. "Mkwe akisimama langoni, kitu cha kwanza kuona ni taa. Ukija na hizi za njano anasema, huyu Mkenya ameazima gari. Na si langu tu. Magari yote matatu lazima yafanane."

Sajini Okello, ambaye gari lake lilikuwa la pili katika msafara, alitikisa kichwa kukubali. "Ni kweli, mama. Msafara lazima inafanana kama platuni. Mimi naendesha gari ya jeshi miaka mingi. Adui naona taa ya bulu, yeye nakimbia."

Nikamuuliza kama wakwe zetu ni adui. Akafikiri kidogo, akasema bado hajui.

Kesho yake asubuhi tulikwenda mjini, kwenye mtaa wa maduka ya vipuri. Muuzaji alikuwa bwana mnene mwenye shati safi, na aliniita nyabo kama wanawake wote wanavyoitwa Kampala. Alikuwa na ubao mkubwa umejaa balbu zilizounganishwa kwenye betri, zote zikitutazama usoni.

"Nyabo, hii ya njano ni ya muzee anaenda shamba," akaeleza. "Hii nyeupe ni ya mwalimu. Hii ya bulu sasa, hii ni ya mutu mukubwa. Ukiwasha, balabala yote inajua."

"Inajua nini?"

"Inajua kuna mutu anakuja."

Halafu akaingia kwenye aina. Ile ya kawaida yenye waya mwembamba ndani, akasema, ni ya zamani, hata kuitaja ni aibu. Zenoni inang'aa sana lakini ina kisanduku chake na nyaya zake. LED haina taabu: unaitoa ya zamani, unaichomeka mpya, na haili umeme. Wekesa alisikiliza kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kanisani.

Sasa niwaeleze ninyi mlioko nyumbani namna taa inavyochaguliwa Kampala. Jua linakuwa utosini. Mteja anasimama mbele ya balbu, muuzaji anaiwasha, mteja anafumba macho na kupiga kelele. Wanakwenda kwenye ya pili, anapiga kelele zaidi. Ile inayomtoa machozi ndiyo inayofungwa kwenye mfuko. Wekesa alilia kwa ile ya buluu, Okello akalia, na bwana wa gari la tatu, rafiki yao wa sokoni, akarudi nyuma na kukanyaga ndoo ya mtu. Wote wakakubaliana kwamba hiyo ni taa.

"Hebu imulike chini tuone," nikasema.

Muuzaji alinihurumia. "Nyabo, chini hakuna mutu."

Nikasema tena kwamba ni majira ya mvua, na kwamba nimesikia madereva wa malori wakisifu njano wakati wa mvua. Wekesa akaniambia mimi ni mtu wa mahindi. Kweli, mimi ni mtu wa mahindi, nikanyamaza.

Mchana tulishuka Namuwongo, karibu na reli, ambako fundi alizifunga taa katika magari yote matatu huku akipiga mluzi. Balbu za zamani za Wekesa alitaka kuzitupa. Nikazidaka, nikazifunga kwenye leso, nikazitia mkobani. Mtoto wa mama yetu hatupi kitu ambacho bado kinawaka.

Magharibi tukaziwasha. Siwezi kusema uongo: palikuwa patamu. Watu walijibanza kwenye kuta za maduka. Pikipiki zilipanda ukingoni. Askari mmoja alipiga saluti kabla hajaona sufuria zilizopangwa kwenye kiti cha nyuma. Mimi mwenyewe nilijikuta nikiwapungia watu mkono taratibu, kama mke wa waziri. Macho hayana pazia, na siku hiyo macho yote ya Namuwongo yalikuwa kwetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza barabara yenyewe inaonekanaje kutoka kwenye usukani.

Jumamosi, kabla ya alfajiri, tuliondoka Makindye. Wanawake wa msafara tumevaa gomesi, yale magauni marefu ya Kiganda, wanaume kanzu na koti, vikapu vya zawadi vimefungwa utepe, na magari matatu yanawaka buluu kama maduka ya simu. Mpaka Mpigi mambo yalikuwa mazuri.

Baada ya Mpigi mvua ilishuka. Hapo ndipo nilipojua tulichonunua. Mwanga ule uligonga matone na kuturudia machoni, na mbele yetu pakawa ukuta mweupe unaometameta. Lami ilipotea. Kingo zilipotea. Wekesa alibandika pua kwenye kioo, waipa zikapiga, naye akawa anaendesha kwa kukumbuka.

Simu ikalia. Alikuwa Okello. "Kamanda, mimi sioni kitu kabisa. Wewe naona?"

"Naona," akasema Wekesa, ambaye alikuwa haoni.

"Basi mimi nafuata wewe."

Tulikwenda mwendo wa jongoo mpaka kwenye vinamasi vya Lwera, na huko ukungu ukaja kuisaidia mvua. Niliwaza saa nne. Niliwaza lango. Ndugu yangu huyu nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, na sasa angekosa mke kwa sababu ya balbu. Nilitaka kumtukana, lakini pua yake ilikuwa bado imebandikwa kwenye kioo, nikayameza.

Ndipo pikapu kuukuu ikatupita kwa raha zake. Ilikuwa na taa mbili za njano, moja imeinama kama mtu mwenye usingizi, na mbele yake barabara ilionekana yote, na mashimo yake.

"Mfuate huyo!" nikapiga kelele. "Usimwache hata kidogo!"

Wekesa akamfuata, Okello akamfuata Wekesa, na wa tatu akamfuata Okello. Mwendo ukarudi, tukaanza hata kuimba. Baada ya muda gari likaanza kuruka ruka.

"Wanatengeneza barabara," akasema Wekesa.

Baadaye majani ya migomba yakaanza kupapasa vioo. Wekesa akasema hiyo lazima ni njia ya mkato. Kisha pikapu ikasimama, nasi tukasimama, na mapambazuko yakatuonyesha tulipo: uani kwa mtu.

Mzee mmoja alishuka kwenye pikapu. Alikuwa anarudi zake kutoka kuuza mananasi mjini. Alitazama magari matatu yaliyopangana. Alitazama gomesi, kanzu, vikapu. Sisi tulibaki ndani kwa aibu, kila mmoja akingoja mwenzake ashuke. Mzee alivua kofia yake, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na mkewe nyuma yake anafunga mshipi wa gomesi huku akilia na kucheka.

"Karibuni," akasema. Kiswahili chake alikiokota ujanani, alipokuwa akipeleka kahawa Mombasa. "Mumekuja kwa Nakato?"

Wallahi, nilitamani ardhi ipasuke. Nilishuka, nikapiga magoti kwenye matope na gomesi yangu mpya, nikamwambia ukweli: hatumjui Nakato, tumepotea, tulikuwa tunafuata taa zako kwa sababu zetu hazioni.

Mkewe akarudi ndani. Mzee alibaki amesimama na kanzu yake. Kisha akatueleza, bila hasira. Yeye ni Ssalongo, yaani baba wa mapacha. Pacha mmoja, Babirye, aliolewa vizuri. Nakato yuko Kampala na mwanamume, na wana mtoto tayari, lakini huyo mwanamume hajawahi kukanyaga hapa kujitambulisha. "Anasema atakuja. Hii kanzu mama yake Nakato anapiga pasi kila Jumamosi."

Hatukujua pa kuweka nyuso. Okello, mtu aliyedai adui humkimbia, alijifanya anakagua tairi.

"Munakwenda wapi?" mzee akauliza. Tukamwambia, pamoja na habari ya saa nne. Akaitazama saa yake, akatazama taa zetu zilizokuwa bado zinawaka bure, akasema kitu kwa Kiganda ambacho sikuomba kitafsiriwe. Akaingia kwenye pikapu na kanzu yake. "Mufuate mimi. Lakini sasa mimi najua munanifuata."

Mvua na matope vilitushika njiani, na tulifika kwa kina Nabukenya saa nne imeshapita. Lango lilikuwa limefungwa. Msemaji wetu wa kukodi, aliyekuwa akitungoja hapo na ambaye kazi yake ilikuwa kutuombea njia kwa maneno matamu, alikuwa amekwisha kwenda kwenye sherehe nyingine. Shangazi wa binti, yule wanayemwita ssenga, alisimama nyuma ya lango mikono kiunoni.

"Wakenya," akasema kwa Kiswahili, ili tusikie vizuri, "hata na taa ya rais mumechelewa?"

Wekesa alisogelea lango aombe radhi. Ssalongo akamsogeza pembeni taratibu, akarekebisha kanzu, akaanza kusema. Kiganda changu hakivuki sokoni, lakini niliona watu wakicheka, kisha wakinyamaza, kisha ssenga akishusha mikono kutoka kiunoni. Wanawake waliokuwa wanaimba ndani walisogea kusikiliza. Mwisho lango likafunguliwa.

Nabukenya ndiye aliyenieleza baadaye, tulipokuwa tunakula. Mzee alisema: "Watu hawa walikuja kwangu kwa makosa, nikavaa kanzu. Mimi namjua anayekuja, kwa sababu namjua asiyekuja. Mkimfungia lango aliyechelewa, asiyekuja kabisa mtamfanyia nini?" Hotuba hiyo, nadhani, alikuwa amejitungia siku nyingi, ila aliitunga akiwa upande wa ndani ya lango, akimngoja mtu wa Nakato.

Basi ndugu yangu amekubaliwa. Nililia waziwazi, na sijali aliyeniona.

Alasiri tuliagana na wakwe. Tulikuwa bado hatujafika kwenye magari, Wekesa akaninong'oneza, "Umeona, dada? Hata ssenga alisema taa ya rais." Nilimfinya mkono, ule ule niliokuwa nikimfinya utotoni.

Njiani tulipita kwa Ssalongo, aliyekuwa ametangulia kurudi, kumshukuru. Mkewe alipokea kikapu bila kutuangalia sana. Mzee alikuwa anazizunguka taa za Wekesa, akisimama mbele ya gari, akirudi nyuma, kama wateja wa mjini.

"Hizi hazioni," akasema, "lakini zinaonekana. Asubuhi kwa kioo changu niliziona mbali sana. Munauza?"

"Za nini, mzee?" Wekesa akauliza.

"Nina betri ya sola. Nataka kuweka pale njia inapoachana na lami. Huyo mwanamume asikuje kusema hakuona mahali pa kukata kona."

Wekesa, ambaye alizililia taa zile mchana kweupe, aliinamisha kichwa. Halafu akafungua boneti. Okello alishika bisibisi, mimi nikafungua mkoba na kutoa leso. Balbu za njano zikarudi mahali pake, na zile za buluu tukamfungia mzee juu ya nguzo, zikielekea barabarani.

Tulirudi Makindye gari letu likiongoza, na barabara niliiona yote. Nimejifunza kwamba taa huchaguliwa na mtu aliyesimama mbele ya gari, halafu huteseka aliyekaa ndani yake. Ninyi wa Webuye mnaotaka kubadilisha zenu, kaeni kwanza kwenye usukani.

Wekesa sasa hupita Lwera mara kwa mara akienda ukweni na mkewe. Nikimpigia simu, humuuliza habari za kule. Anasema taa bado inawaka kila jioni, inaonekana tangu ng'ambo ya kinamasi. Na kila Jumamosi akichepuka kumsalimu mzee, anasema, kanzu bado imeanikwa uani.