Punda Aliyekataa Korongo

Nilipoolewa karibu na Mhunze nilimkuta punda jike wa kijivu pale nyumbani, ndiye aliyetubebea maji. Njia ya kisimani ilikuwa imekatwa na mvua, pakabaki korongo jembamba, upana wa hatua moja ya mtu mzima. Punda wa majirani walikuwa wakiliruka bila kupunguza mwendo. Wa kwetu naye aliliruka, mpaka msimu mmoja akaacha. Akifika ukingoni anasimama, analaza masikio, anahamisha uzito toka mguu huu kwenda ule.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alimchapa mpaka fimbo ikavunjika.

"Punda haendi bila kigongo," alisema.

Sikuweza kuangalia. Nilimshusha madumu, tukazunguka njia ya mbali. Kesho yake nikamfuata mtaalamu wa mifugo wa kata, binti mwenye buti za mpira, nikamkuta joshoni anachanja ng'ombe. Alikuja jioni ile. Aliinua mguu wa mbele, akakwangua tope kwa kijiti, akaniita.

"Dada, ona. Ukwato umerefuka, ncha imepinda juu, na huku pembeni umepasuka. Akiruka, uzito wote unatua juu ya ufa huu. Ungekuwa wewe ungeruka?"

"Nisingeruka."

"Basi si mkaidi. Anaumia."

Niliona aibu. Kwato zile nilizitazama kila siku, na sikuwahi kuziona.

Punda wetu hawavai chuma miguuni kama farasi. Kinachowatunza ni tupa ya kusugulia kwato na jicho la mwenyewe. Binti alipunguza kidogo tu siku ile, akasema ukikata yote kwa mkupuo utafika kwenye nyama. Kisha akanipa tupa.

"Rudia baada ya wiki tatu. Ukwato ukishakaa sawa, kila wiki ya sita. Usingoje achechemee."

Nilichora alama za mkaa kwenye ukuta wa jiko, mstari mmoja kila Jumapili nikitoka kanisani. Mara ya kwanza nilichubua vidole vyangu zaidi kuliko ukwato. Mara ya tatu mkono ulishajua. Asubuhi moja punda alifika korongoni, akanusa, akaruka na madumu yake manne, akaendelea kutembea kana kwamba hakuna lililowahi kutokea. Nilipiga kigelegele peke yangu porini.

Nisijisifu bure: mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna pamba, nilipitisha karibu miezi mitatu bila kushika tupa. Akaanza kujikwaa, na korongo akalikataa tena. Sikumlaumu. Nilimwinua mguu pale pale.

Baada ya hapo shemeji alikuja na punda wake, macho chini. "Shemeji, na huyu umwangalie." Nilimwangalia. Wakafuata majirani, kisha watu wa vijiji ambako sijawahi kulala.

Siku moja akaja mwanamume kutoka Kharumwa, akiswaga punda wake wanne wa kubebea mawe ya dhahabu toka mashimoni. Walikuwa wanagoma kushuka ngazi za udongo. Aliniamkia vizuri kwa Kisukuma, kama anavyoamkiwa mama, "Mwangaluka, mayu," nikamwitikia, nikampa kigoda. Akaketi, akamgeukia mume wangu.

"Nimeelekezwa hapa kwa fundi wa kwato. Yuko wapi?"

Mume wangu alikuwa anasuka kamba. Hakuinua hata kichwa.

"Umeshamsalimia."

Yule mgeni alinitazama, akatazama mikono yangu, akasimama kutoka kwenye kigoda. Nilikuwa nimeshainama kwa punda wa kwanza, bega langu ubavuni mwake, nikingoja anipe mguu. Akanipa. Kwato zilikuwa mbaya, lakini si za kukatisha tamaa, na nilimwambia mwenye punda hivyo: amwache apumzike wiki mbili, kisha amrudishe kwangu.