Mpini wa Mpera

Kwetu Songea mtani hakasirikiwi. Baba yangu alipofariki, Mhehe mmoja, fundi baiskeli wa pale mtaani, aliingia msibani, akaenda moja kwa moja kwenye msumari ilipotundikwa kofia ya marehemu, akaivaa, akatangaza kwamba kuanzia leo yeye ndiye mwenye nyumba na anataka chai. Mama yangu, ambaye hakuwa amefumbua mdomo tangu asubuhi, alicheka mpaka akashika mbavu. Kofia yule bwana aliondoka nayo na hakuna aliyemfuata. Wangoni na Wahehe walipigana zamani, wakachoka, wakabaki kuchokozana kwa maneno. Mtani akichukua chako, unacheka.

Naeleza haya ili ijulikane kwa nini nilimwamini mtu upesi namna ile.

Nilimkuta Durban, mwaka uliofuata Kombe la Dunia, kwenye duka la simu pale Greyville, akibishana na mwenye duka kwa Kiingereza cha Iringa. Nilimsalimia kwa Kiswahili. Akaniuliza kabila langu, na nilipolitaja tu akapiga makofi.

"Mngoni! Babu zako walitoka mbio huku kuwakimbia Wazulu, hawakusimama mpaka Songea. Wewe umerudi kufuata nini?"

"Nimekuja kuangalia ng'ombe wetu tuliowaacha," nikamwambia. "Na wewe meza mate, Mhehe. Mbwa wa huku hawaliwi, wana wenyewe."

Watu dukani walidhani tunataka kupigana. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nivuke mpaka. Usipotukanwa na mtani muda mrefu unaanza kujiona huna kwenu. Jioni ileile alihamia chumbani kwangu Albert Park, nikampa upande wa dirisha, na baada ya wiki chache nikamwombea kazi kwa bosi wangu, Pinetown.

Bosi alikuwa mzungu mzee mwenye magoti mabovu. Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la rangi. Alikusanya maganda ya risasi kutoka viwanja vya kulenga shabaha, sisi tukayasafisha na kuyarudisha kwenye umbo lake, naye akayajaza upya kwa ajili ya wanachama wa klabu. Baruti hatukuigusa. Ilikaa nyuma ya mlango wa chuma, na kibali kilikuwa chake peke yake. Sisi kazi yetu ilikuwa presi. Unasimamisha ganda kwenye kikalio chake, unavuta mpini chini, ganda linapanda na kuingia kwenye tundu la chuma kigumu linalolibana mpaka linarudia unene wake wa zamani, na fataki ya kitakoni, ile iliyokwisha kuwasha baruti, inadondoka sakafuni. Unainua mpini, unatoa ganda, unaweka jingine. Hivyo hivyo mpaka saa ya taxi, daladala za huku.

Presi ile ilikuwa na roho mbaya, sina namna nyingine ya kuisema. Mwisho wa mpini kulikuwa na kidude cha mviringo cha plastiki ambacho hakikuzunguka, kwa hiyo kilichozunguka ni kiganja changu. Meza ilikuwa fupi, mgongo ukabaki umepinda. Pini inayoubeba mpini ilikuwa kavu, kila mvuto ulikwama katikati kisha ukaachia ghafla ukanitikisa mpaka begani. Haukupita muda mrefu kifundo cha mkono wa kulia kikavimba, nikawa siwezi kumega ugali. Nikala kwa kijiko.

"Mngoni keshakuwa mzungu," mtani akasema. "Kesho ataomba kisu na uma."

Bosi naye aliuona ule uvimbe. "Mkono ukikataa niambie, nitaelewa," alisema kwa upole, na upole ule ulinitia hofu kuliko kelele zake. Nilijua ataelewa nini. Ataelewa kwamba Durban imejaa mikono mizima. Nami sikuwa na kazi nyingine, wala mama na wanangu kule Songea hawakuwa na mtu mwingine wa kumtegemea.

Kisha bosi akaenda kupasuliwa goti. Alituachia ufunguo wa karakana, wa mlango wa chuma akabaki nao. Mimi nimekulia kwenye useremala, na siku ile ile niliamua kwamba mashine hii itanizoea mimi, si mimi kuizoea.

Nyuma ya uzio kulikuwa na mpera uliojiotea wenyewe. Nilikata tawi nene, maana mpera ni mti mgumu usiopasuka ovyo, kila aliyewahi kutengeneza manati anaujua. Nikalichonga linenepe katikati lijae kiganjani, nikalitoboa, nikaingiza beringi nilizong'oa kwenye kiatu cha magurudumu kilichotupwa jalalani, nikalivika kwenye mpini badala ya kile kidude cha plastiki. Sasa ukivuta mpini, mti ndio unaozunguka, kiganja kimetulia. Nikainua presi juu ya gogo ili mtu asimame wima. Nikaifungua yote, nikasafisha masizi, nikaisugua pini kwa msasa laini mpaka ikang'aa, nikaipaka grisi. Fataki zilizokwisha nikaziwekea kipande cha mpira wa kumwagilia maua, zikawa zinateremka zenyewe hadi kwenye chupa badala ya kutapakaa miguuni.

Mtani alinishikia gogo. Kazi yake ilikuwa hiyo, na kuongea.

"Mngoni anaikanda mashine masaji. Mkeo anajua?"

Siku niliyomaliza tulisimama tukaitazama. Nikavuta kwa vidole viwili. Mpini ulishuka kama mtu anayekaa kwenye kochi. Mtani akajaribu, akajaribu tena. Niliona fahari, nasema kweli, niliona fahari kubwa.

Bosi alirudi siku ambayo mimi nilikuwa kwenye foleni ya kuongeza muda wa karatasi zangu za kuishi. Kesho yake nilifika Pinetown nikamkuta amekaa juu ya kreti, mguu ameunyoosha, anavuta mpini na kutabasamu. Akamwelekeza mtani wangu kwa kidole.

"Mwenzako huyu ni fundi," akaniambia. "Kimya kimya tu, sikujua. Mashine ilivyo laini sasa, mtu mmoja anatosha. Na wewe mkono wako unahitaji kupumzika. Nyie ni ndugu, najua mtaelewana."

Nilimtazama mtani. Alikuwa anahesabu maganda ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa. Nilimwambia bosi kwamba mpini ule nimeuchonga mimi. Bosi akamgeukia. Mtani akacheka kidogo, kile kicheko chetu, akasema kwa Kiingereza kwamba mimi ni mtu wa masihara siku zote. Bosi naye akacheka. Waliocheka walikuwa wawili, na neno langu likafia pale.

Jioni nilimngojea kwenye kituo cha taxi.

"Ulimwambia nini?"

"Eish, mtani. Aliuliza nani katengeneza. Wewe hukuwepo. Ulitaka niseme imejitengeneza?"

"Umechukua kazi yangu."

"Mhehe kumnyang'anya Mngoni, ndiyo historia yenyewe hiyo!" Akanigusa bega. "Usinune bwana. Baba yako alichukuliwa kofia, mama yako akacheka. Si ulinisimulia mwenyewe?"

Kazi nilikuwa nimeanza kuizika moyoni tangu mchana. Lakini kicheko cha mama yangu? Nilimpa kile tukiwa tumelala gizani, umeme umekatika, kama unavyompa ndugu. Nilitamani kumpiga. Mkono wa kulia haukuweza hata kukunja ngumi.

Usiku ule chumbani alinichokoza kwa kila alichokijua: mbio za babu zangu, kijiko changu, sura yangu. Nikamjibu, "Kaka, maji ya kuoga yapo kwenye ndoo. Karibu." Akacheka. Nikamwambia, "Ulale salama, kaka." Hapo akaacha kucheka. "Nitukane basi," akasema. Sikumtukana. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amehama.

Mimi niliosha magari, nililinda maegesho, maisha yakasogea. Miaka miwili hivi ikapita, zikaja habari kwamba mama yake yule mtani amefariki Iringa, naye hana uwezo wa kwenda kuzika. Watanzania tukakusanyika kwenye flati yake, Albert Park hiyohiyo. Mngoni nilikuwa mimi peke yangu, na kila mtu pale alijua kazi ya mtani msibani. Nilipoingia nikasikia minong'ono ya furaha, na mama mmoja Mkongo aliyekuwa akigawa chai akamuuliza jirani yake, "Ni huyu mutani yake? Sasa atachekesha?"

Kofia yake ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango. Niliiona, naye aliona kwamba nimeiona. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Mngoni," akasema polepole, "umefika. Haya, chukua."

Nikampa mikono yote miwili, nikainamisha kichwa.

"Pole sana, kaka. Mungu amlaze mama mahali pema."

Hakuniachia mikono. Chumba kizima kilikuwa kinangoja. Nikaitoa mikono yangu taratibu, nikasogea pembeni, nikampisha aliyekuwa nyuma yangu ampe pole.