Picha Isiyo na Stelingi

Zenon hakujua Kiingereza. Nasema hili mapema, maana Sumbawanga nzima iliamini anakijua, na mimi fundi baiskeli, rafiki yake tangu darasa la kwanza, nilinyamaza miaka yote. Alikuwa mtafsiri katika banda la video la Mzee Mahmud, karibu na soko. Anakaa kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, koti limefungwa hadi shingoni kwa upepo wetu huu usio na adabu, na anatunga. Wachina wakipigana, yeye anawapa majina ya watu wa mtaani: huyu Mboje, yule Huseni muuza nyama. Watu hoi kwa kicheko! Sheria ilikuwa moja tu: stelingi, yule shujaa wa picha, ajulikane mapema, na stelingi hafi.

Kazi hiyo aliishika "kwa muda tu", ndivyo alivyosema tulipomaliza la saba. Ikapita miaka minane. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu anakimbilia chake. Wenzetu walishuka Kirando kununua dagaa, wengine walizunguka vijijini wakikusanya mahindi, wakaoa, wakaezeka mabati. Zenon yupo tu. Na kule Msanzi alikuwapo Evodia, ambaye Zenon alishakubaliana naye, wazazi wanajua, imebaki barua ya posa. Mshenga ni mimi. Kila nikimuuliza, jibu ni lile lile: "Mwezi ujao, Kornel. Ngoja nijipange." Ujipange nini, bwana? Una kitanda, una jembe, una mikono miwili! Nilimgombeza mpaka nikachoka.

Juni ya tisini na sita, furushi la kaseti kutoka Tunduma likaja na picha tusiyoijua. Ikawekwa Jumamosi mchana, banda limejaa. Dada mmoja wa Kizungu anauza dukani. Anarudi chumbani, anaosha vikombe. Rafiki zake wanafunga mizigo, mmoja mmoja wanaondoka, yeye anawapungia mkono na kurudi ndani. Simu inalia, haipokei. Hakuna ngumi, hakuna bastola, hata mbwa hakubweka.

"Zeno! Stelingi yuko wapi?" watu wakapiga kelele.

Zenon akajaribu. "Huyu dada hapa... anaitwa Evodia," akasema, maana jina lilihitajika haraka. Lo! Nikamwona anashtuka mwenyewe. Kwenye kioo dada yule amekaa dirishani, anatazama barabara. Zenon akasema polepole, "Evodia anasema, aliyeniambia mwezi ujao hajaja." Halafu kimya. Kwetu mtafsiri kunyamaza ni kama padri kusahau misa. Watu wakazomea, wakatoka makundi makundi. Tukabaki mimi, akina mama wawili waliokimbia baridi, na Mzee Mahmud anayelaani kwa sauti ya chini.

Niseme kweli: mpaka leo sijaona picha nzuri kama ile, na hata jina lake silijui. Maneno yake sikuyaelewa, lakini upweke wake niliuelewa wote. Hakuna aliyemdhulumu yule dada. Siku zilikuwa zinampita tu, naye anaziangalia kama mtu anayengoja maji yachemke. Utu uzima ulimwingilia bila kupiga hodi. Na kumbe ndivyo ilivyo, hakuna anayekugusa bega akakwambia, haya, kuanzia leo wewe ni mtu mzima. Nilikaa mle bandani nikajisikia vibaya, mimi mwenye mke na watoto wawili.

Mwishoni dada yule alikaa kitandani, akamenya chungwa, akala nusu, majina yakaanza kupanda. Mzee Mahmud akasema kaseti imekatwa, haiwezekani picha iishe stelingi hajafanya kitu. Akairudisha nyuma, akaipeleka mbele, akaitoa kwenye deki na kuipuliza, akautafuta mwisho wake mpaka jenereta likaishiwa mafuta. Zenon alinifuata nje, macho mekundu.

"Kornel, twende na barua. Jumanne."

Jumanne tukapanda lori la Mahmud lililokuwa likienda Msanzi kuchukua mahindi, tumejikunyata juu ya magunia matupu. Nilikuwa na furaha, mjinga mimi. Kwa kina Evodia tulimkuta mama yake uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Akatuwekea viti. Akaitazama barua mkononi mwangu, lakini hakuipokea. Akaenda kumwita binti yake.

Evodia akaja na vumbi la maharage aliyokuwa akipepeta. Akatusalimu, akakaa mkekani, wala hakuzunguka. Tangu Pasaka ameposwa na seremala wa Matai, na wazazi wamekubali.

"Sikukukataa, Zenon," akasema. "Nilikungoja mpaka wadogo zangu wakaanza kunionea huruma. Wewe ulikuwa unangoja nini?"

Zenon akainamisha kichwa.

"Sijui, Evodia," akasema. "Nilidhani bado hatujaanza."

Evodia akalia bila sauti, akajifuta kwa pindo la kanga, akarudi kwenye maharage yake. Mimi nilitaka kumzaba Zenon kofi, na nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote. Tukamuaga mama, tukaenda kusubiri lori barabarani.