Hotuba Mbili za Rais

Dada yangu alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya Rais kwa miaka ishirini na miwili, na sifa yake kubwa ilikuwa kutojua kitu. Ukimuuliza binamu gani kaachika, atakueleza mpaka siku na saa. Ukimuuliza Rais kasema nini leo, anakutazama kama umemwomba figo. Eti vidole ndivyo vinavyosoma, kichwa hakimo. Nyumbani tulimwita Kufuli.

Nchi jirani ilipoteka kile kilima chetu cha mpakani, nchi nzima ilijaa majemadari. Kinyozi alipigana, fundi viatu alipigana, wote wakiwa wamekaa vitini. Mwenye bunduki tuliyemjua sisi alikuwa mmoja tu: mtoto pekee wa dada, askari wa miezi minane, na kikosi chake kilikuwa kimeshapelekwa mpakani kusubiri amri.

Jumatatu asubuhi Rais alimpa dada hotuba mbili azipige chapa, moja ya vita, moja ya mazungumzo. Alizipiga, akazihakiki herufi kwa herufi, akampelekea. Alimkuta peke yake, hajanyoa, chai imepoa mezani. Mawaziri walikuwa wametoka wakiwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Rais alizitandaza karatasi mbele yake, akazitazama weee, kisha akamuuliza:

"Mama, ungekuwa wewe, ungesoma ipi?"

Hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo. Jibu alikuwa nalo. Lakini aliona akimtaja mwanawe ataonekana anajipendelea, na miaka yote ile ya heshima itaingia mchanga. Akainamisha kichwa.

"Mimi mpiga chapa tu, Mheshimiwa. Zote hazina makosa."

Saa saba mchana tulisikia redioni ile ya vita. Kilima tulikirudisha, ndiyo. Mtoto wetu alirudi siku ya tisa, ndani ya jeneza lililopigiliwa misumari ili tusifungue.

Rais alikuja msibani mwenyewe, bila wapiga picha, na hilo sitamnyima. Alikaa kwenye benchi letu bovu, akamshika dada mkono, akalia machozi ya kweli. Halafu akasema, "Mama, mbona hukuniambia? Ningejua una mtoto kule, nisingeisoma ile."

Dada aliinama kama mtu aliyefumaniwa. Niliyejibu ni mimi, maana mdomo wangu haujawahi kuajiriwa na serikali.

"Na wale wengine mia nne waliokufa kule, Mheshimiwa, ulidhani hawana mama?"

Aliaga, akapanda gari lake, akaenda, na mzigo aliokuja nao akatuachia pale kwenye benchi. Dada aliacha kazi mwezi uleule. Siku hizi nikimpelekea chai asubuhi huniuliza kwa sauti ya chini kama watu wameshajua kwamba vita alivianzisha yeye.