Sekunde ya Kushikilia

Juma lililopita, nikingoja katika zahanati moja ya mtaa wa Silanga, mtoto alikuwa akivuta dawa ya pumu kwenye mashine ya mvuke, mara taa zikafifia. Muuguzi akarukia plagi, jinsi sote mtaani tufanyavyo kuokoa televisheni zetu.

"Sista, usichomoe!" akasema mgonjwa mmoja kwenye foleni, fundi wa mitambo ya umeme wa upepo.

"Ikiungua utanunua ingine wewe?"

"Ngoja kidogo tu. Hata mitambo yetu ilikuwa na hiyo tabia. Stima ikiyumba, inajitoa yote kwa laini ya stima, giza inaingia kila mahali. Siku hizi tunaiseti ishikilie, isukume stima mpaka laini isimame tena."

Mama wa mtoto akaushika mkono wa muuguzi. Taa zikarudi. Mashine ikanguruma, na kifua cha mtoto kikaanza kutulia.

Wanafunzi wa Bwana walitoroka Gethsemane saa ile ile walipohitajika, kila mmoja akiiponya nafsi yake. Ningewakemea vikali, ndugu zangu, lakini taa zilipofifia, mimi nilikuwa nimekwisha kuichomoa simu yangu iliyokuwa ikichajiwa ukutani.